Mizinga Isiyo na Alama

Niseme kwanza shule yangu iliishia wapi, msomaji asije akanidai kitu ambacho sina. Niliingia darasa la sita, nikakaa humo kama mgeni, nikatoka kabla ya mtihani. Mwalimu alisema akili ninazo, ila zinafika kwa kuchelewa kama basi la Sikonge wakati wa masika. Lakini kule upande wa Ipole, tulipohamishiwa kwenye kijiji kipya wakati wa Ujamaa, mtu aliyeshika darasa la sita hata kwa mkia alikuwa msomi. Wakanifanya msaidizi wa katibu wa kijiji. Katibu mwenyewe alikuwa na darasa la nne, kwa hiyo mnaweza kupata picha ya ofisi ilivyokuwa.

Kazi yangu hasa ilikuwa nyuki. Baba aliniachia mizinga ya magome, nikaiongeza kidogo, yote nimeitundika kwenye msitu wa miombo ng'ambo ya kijito. Asali na nta nilikuwa napeleka Tabora mjini, kwa mzee mmoja mwenye duka Gongoni.

Mzee huyo alikuwa Mwarabu wa Tabora. Nasema wa Tabora kwa sababu babu yake ndiye aliyefika na misafara. Yeye Oman alikuwa anaisikia tu kama tunavyoisikia sisi. Matusi ya Kinyamwezi aliyajua kuliko mimi. Sisi wa Ipole tulimwita mzee wa nta. Duka lake lilinuka nta mpaka uchagoni, na ukitoka mle hata chai ya nyumbani ulikuwa unaisikia ina ladha ya mshumaa.

Siku moja, wakati wa kiangazi, nimefikisha madebe yangu, tumemaliza biashara, mzee akaniambia nikae. Akamwita mwanawe wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa anamsaidia dukani, alete kahawa. Kijana akaleta kahawa na kashata. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Miaka yote niliyofanya biashara na mzee yule kahawa nilikuwa napewa, kashata hapana.

"Mwanangu," akasema, "ule msitu wenu wa ng'ambo ya kijito nimesikia unakatwa."

"Si sisi, mzee. Ni kijiji."

"Kijiji ni nani?"

Nikafikiri. "Ni sisi," nikasema.

Habari zake zilikuwa za kweli. Mwenyekiti wetu alikuwa amepanga kufungua shamba kubwa la tumbaku la kijiji. Msitu wote kutoka kijito mpaka kule kwenye majabali ungeanguka kabla ya mvua, shamba likae pale, na miti iwe kuni za mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Wakubwa wa wilaya walikuwa wameshaambiwa. Mizinga yangu ilikuwa humo humo, na wenye mizinga tulikuwa tumeshaamriwa tuishushe. Nilikuwa nimelalamika kwa mke wangu, ambaye hana cheo.

Mzee akakohoa muda mrefu, kikohozi cha kutoka chini kabisa. Alipopata pumzi akaniambia kwamba hospitali wamemwambia atengeneze mambo yake. Kwa hiyo anatengeneza. Ana nyumba nyingine nyuma ya duka, ina wapangaji. Nyumba ile anaitoa wakfu. Nikamuuliza wakfu maana yake nini kwa mtu kama mimi niliyelelewa na wamisionari Wamoraviani. Akanieleza polepole: mali inafungwa, haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi, kinachotoka ni pato lake tu, na linakwenda kwenye jambo jema alilolitaja mwenyewe. Watu wengine wanatoa kwa msikiti, wengine kwa kisima. Yeye kodi ya nyumba ile, akishakufa, anataka kila mwaka iende kwenye msitu wetu: kulisha na kulipa watu wanaofyeka njia pana ya kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka, na mlinzi wa kutazama majangili na wachoma mkaa.

"Sheikh wangu aliniuliza, miti inapokeaje sadaka," akasema. "Nikamwambia, wanaokunywa maji ya kijito kile wana roho, nyuki wana roho, palahala na wanyama wengine wana roho. Akakubali. Sasa mnikubalie ninyi. Siwezi kutoa wakfu kwa msitu ambao mwakani ni tumbaku."

"Tukikataa?"

"Basi nitakufa nimekasirika. Nataka jibu niko hai, mwanangu. Nijue utabaki au hautabaki."

Nikamtazama mwanawe. Kijana alikuwa anapanga vikombe huku ametugeuzia mgongo, na mgongo ule ulikuwa unasikiliza. Nikajisemea, huyu anatolewa nyumba mdomoni na amenyamaza? Hapa pana kitu.

Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nakichokoa kile kitu. Wakati ule kulikuwa na maneno kila kona kwamba serikali inachukua nyumba za kupangisha. Basi, nikasema, mzee anaificha nyumba yake chini ya miti yetu. Tulipopita Sikonge nikaona hapana, angeificha kwa mwanawe. Tulipokaribia Ipole nilikuwa nimeshafika kwenye mawazo ya madini. Akili yangu ikichelewa kufika hujilipa kwa kwenda mbali.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha.

"Baba watoto, huyo mzee ana watoto?"

"Anao. Kijana yupo dukani, na mabinti wameolewa."

"Wana akili zao?"

"Timamu."

"Hajagombana nao?"

"Sijasikia."

"Basi ana jambo." Akapepeta kidogo. "Babu zao si ndio walipita huku na pembe za ndovu? Wamezika pembe mle. Anataka pasichimbwe."

Nikalala na pembe za ndovu kichwani.

Mwenyekiti wa kijiji nilimkuta asubuhi mlangoni kwake anapiga mswaki. Alikuwa mtu mnene wa maneno, mwembamba wa mwili, aliyewahi kuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya wazungu, na tumbaku aliipenda kama mtu anavyompenda bosi aliyemfukuza. Nikamsimulia yote. Akatema.

"Ndugu, kodi ya nyumba ni nini?"

"Ni hela ya mpangaji, ndugu mwenyekiti."

"Ni unyonyaji. Sasa unyonyaji ukishika panga ukafyeka msitu, unakuwa nini?"

"Unakuwa njia ya moto."

"Usinifanyie utani wa Kinyamwezi asubuhi. Huyo anataka msitu wetu. Leo analipa wafyekaji, kesho anasema wafyekaji ni wake, keshokutwa msitu ni wake. Itisha mkutano."

Mkutano ukaitishwa, na kwa kweli sijawahi kuona kijiji chetu kikikubaliana hivyo. Wale wa dini mbili na wa koo ishirini, waliogombana kwa miezi juu ya mahali pa kujenga choo cha shule, siku ile walikuwa kitu kimoja: mzee wa nta anatuibia. Walichotofautiana ni anaiba nini. Wengine walisema ardhi, wengine pembe, mmoja akasema anataka makaburi. Nilipouliza makaburi ya nani, akasema hilo ndilo la kuchunguza.

Palikuwa na bibi mmoja mjane amekaa mbele kwenye kanga yake. Mumewe alikuwa mrinaji wa asali mkubwa kuliko wote upande ule, mtu aliyeheshimiwa mpaka Usinge, na alikufa bila kuacha mtoto. Yule bibi alikuwa haongei sana, lakini akiongea watu walikuwa wanageuza shingo.

"Mtu ana watoto," akasema, "halafu mali yake anaiachia miti. Mimi sina mtoto, na sijawahi kufikiria kuiachia miti hata sufuria. Aje mwenyewe nimwone macho."

Basi ikaamuliwa: mzee aje ajieleze, na asipokuja, shoka zitaingia msituni kama ilivyopangwa. Nikampelekea ujumbe kwa dereva wa lori la tumbaku. Mzee akarudisha jibu kwamba kifua kimembana, atakuja akipata nafuu, na kwamba katika kusubiri atafanya jambo la kutuonyesha nia yake njema.

Nikasoma maneno hayo, nia njema, mbele ya mwenyekiti. Tukatazamana.

Jambo lenyewe lilifanyika siku ambayo kijiji kizima tulikuwa shamba la pamoja tunavuna karanga. Jioni wanawake waliokwenda kutafuta kuni ng'ambo ya kijito walirudi bila kuni, na wengine bila kanga za kichwani. Walikuwa wamekuta mizinga mipya, mizinga ya mbao iliyorandwa vizuri na fundi wa mjini, imetundikwa mti baada ya mti, mstari mzima kufuata kijito. Na haikuwa na alama.

Hapa lazima nieleze. Kwetu sisi kila nyumba ya warinaji ina alama yake. Unaichoma kwa chuma cha moto kwenye uso wa mzinga, halafu unaichanja kwenye gome la mti uliotundika. Mti wenye mzinga haukatwi mpaka mwenye alama akubali, hata kama ni wa kuni tu. Na mzinga wenye alama ya mtu hauguswi, hata ukute asali inachuruzika mpaka chini. Ndivyo tunavyoishi bila polisi. Mzinga usio na alama kwetu ni vitu viwili tu. Ama ni wa mwizi, ambaye hataki ajulikane, ama ni wa mchawi, ambaye anafuga humo kitu kingine na nyuki ni pazia. Na mwizi hatundiki mizinga mingi kiasi kile, mipya, hadharani.

Kwa hiyo ikabaki moja.

Kesho yake nikaenda kuitazama. Nilisimama mbali, msidhani. Mizinga ilikuwa mizuri, inaning'inia inacheza kidogo kwa upepo, midomo wazi, na kwenye uso wa kila mmoja mbao tupu kama uso wa mtu asiye na macho. Mimi msomi wa darasa la sita, niliyefundishwa kwamba uchawi ni ujinga, niligeuka nikarudi kwa hatua ambazo ukiniambia nilikimbia siwezi kukataa.

Ikafika siku ya shoka. Mwenyekiti alikuja mbele ya vijana na fulana ya Chama, akahutubia.

"Ndugu zangu, uchawi ni adui wa maendeleo!"

"Kweli!" tukaitikia.

"Mzinga ni mbao na misumari!"

"Kweli!"

"Basi twendeni!"

Hakuna aliyenyanyua mguu. Kijana mmoja mwenye kifua kama mlango akasema kwa adabu kabisa, "Ndugu mwenyekiti, tangulia wewe ukate mti wa kwanza. Sisi tutafuata nyuma ya maendeleo."

Mwenyekiti akaushika mti wa karibu na kijito kwa macho, akautazama mzinga juu yake, akashika kiuno. Kumbe kiuno kilikuwa kinamsumbua tangu juzi. Akasema kazi iahirishwe mpaka aliyetundika ajulikane.

Sasa nani aliyekuwa anamjua mzee wa nta? Mimi. Nani alikunywa kahawa yake? Mimi, na kwa upuuzi wangu kashata nilikuwa nimeisimulia. Ghafla nyumbani kwangu kukawa hakupiti mtu. Jirani yetu, aliyekuwa anakopa chumvi kila siku mpaka mke wangu alishazoea kununua ya nyumba mbili, akawa anakwenda kukopa mwisho wa kijiji. Mke wangu akaniambia, "Nenda ukamlete huyo mzee wako. Nimechoka kula chumvi yote peke yangu."

Nikaenda Gongoni. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba uani, amepungua. Nikamwambia ametundika nini na kijiji kimeona nini. Alinikodolea macho, halafu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, mwanawe akaja mbio kumwinua.

"Nimeiacha tupu makusudi!" akasema alipopata sauti. "Najua mti wenye mzinga hamkati. Nikaona nikiweka alama yangu mtasema nimeunyakua msitu. Nikasema iache tupu, iwe yao wote, kila atakaye arine."

"Mzee, ya wote haina mwenyewe. Isiyo na mwenyewe ndiyo tunaiogopa."

"Na hiyo Ujamaa yenu je?"

Nikamwomba apunguze sauti.

Miaka yote hamsini alikuwa anapokea nta yetu mlangoni, anaijua kwa kuinusa imetoka mti gani, lakini kwamba mzinga usio na alama kwetu ni wa kuogopwa, hakuna aliyewahi kumweleza. Na yeye hakuuliza. Nami hadi leo nina wasiwasi: je, hakujua kweli, au alijua vizuri sana kwamba tutaogopa, na miti itapona? Maana mpaka siku ile, hakuna hata mmoja uliokuwa umeanguka.

Mzee alikuja kwa basi, mwanawe amemshika. Tulimkalisha kwenye kiti cha ofisi ya kijiji, watu wakamzunguka. Akaeleza wakfu kama alivyonieleza mimi, na habari za mizinga akazieleza pia. Watu wakatikisa vichwa kwa namna ya kusema tumesikia, hatujaamini.

"Weka alama yako basi," mmoja akasema.

"Nikiweka mtasema msitu ni wangu."

"Tutasema," watu wakakubali.

"Iwekwe ya kijiji," mwingine akasema.

Lakini kijiji kilikuwa kipya, alama hakikuwa nayo. Mzee mmoja akashauri ichomwe jembe na nyundo. Mwenyekiti akaruka.

"Chama hakirini asali!" Halafu akafikiri kwamba labda amekosea, akaongeza, "Bila maelekezo ya wilaya."

Ndipo yule bibi mjane alipoinuka, akasogea mpaka mbele ya kiti cha mzee. Walikuwa karibu rika moja.

"Mwangaluka," akamsalimu.

"Mwangaluka," akajibu mzee.

"Sema ukweli. Wewe na mimi tumebakiza siku chache, uongo hautatusaidia. Unataka nini kwenye msitu wetu?"

"Nimekula kutoka humo maisha yangu yote," mzee akasema. "Na sijawahi kuingia. Nilikuwa nauona kwenye madebe tu."

"Hujawahi kuingia?"

"Hata siku moja."

Bibi akamtazama kama mtu aliyeambiwa samaki hajawahi kuona maji. "Twende basi," akasema.

Tukaenda wote, kijiji kizima, taratibu kwa mwendo wa mgonjwa. Watu walikuwa wanamtazama miguu na macho: anatafuta nini, anapima nini, anatazama mti upi kuliko mingine. Mke wangu aliniminya mkono akaninong'oneza niangalie kama atatazama chini, maana pembe huzikwa chini. Mzee alivuka kijito kwa kushikwa huku na huku. Akaingia kivulini, akasimama chini ya mninga mkubwa, akatazama juu, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu. Nyuki mmoja akapita karibu na sikio lake.

Sijawahi kuona mgonjwa akienda kasi vile. Mzee alijifunika uso mzima kwa kilemba, akamzunguka mwanawe, akajibanza nyuma yake, analia kwa sauti nyembamba, "Mwondoe! Mwondoe huyo!" Mwanawe anapunga kofia hewani. Nyuki alikuwa ameshaondoka zamani.

Kijiji kikapasuka. Kicheko kile sijui nikilinganishe na nini. Watu walikaa chini, wengine walikumbatia miti ile ile waliyokuwa wanaiogopa. Mwenyekiti alifuta machozi kwa fulana ya Chama. Bibi peke yake hakucheka. Alimsogelea mzee, akamfunua kilemba usoni kama anavyofunuliwa mtoto.

"Wewe unanunua nta tangu ujana wako," akasema, "na unaogopa nyuki?"

"Sana," akasema mzee, bado anatazama pembeni. "Tangu utoto."

Bibi akatugeukia. "Huyu hawezi kutuibia msitu. Atakaa humo na nani?"

Sijui kama hiyo ni hoja. Darasa la sita hatukufika kwenye hoja. Lakini maneno yote ya mzee, na ya sheikh wake, na yangu, hayakuwa yamemgusa mtu, na pale nyuki mmoja alimaliza kazi. Karibu aimalize. Maana bibi alikuwa na sharti.

Kwetu mrinaji akifa bila mtoto, alama yake inakufa naye. Chuma chake kinawekwa, hakuna mwingine wa kuichoma, na mizinga yake inaachwa mpaka ioze. Bibi akasema chuma cha mumewe anacho, kipo juu ya dari. Alama ile hakuna aliye hai anayeweza kuidai, na hakuna asiyeijua. Anaitoa iwe ya mizinga hii na ya msitu huu, ili pawe na mwenyewe, na mwenyewe awe mtu wa hapa. Asali itakayotoka italiwa na wanaofyeka njia ya moto. "Lakini huyu atakufa," akasema, akimwonyesha mzee kidole bila kificho, "na mimi nitakufa. Nataka kumsikia huyu kijana. Karatasi tumeshasomewa nyingi."

Kijana akabaki katikati yetu, viatu vimelowa. Ile ndiyo nafasi niliyokuwa naisubiri. Nikasema moyoni, sasa atateleza, sasa tutajua. Akamtazama baba yake, halafu bibi.

"Nyumba ile ningeipenda," akasema. "Sitadanganya. Nilishawaza nitaweka duka langu pale. Lakini ni mali yake, na ameshanena. Nitakuja kila mwaka nyasi zikianza kukauka."

Watu wakanong'onezana. Nadhani angesema amefurahi tusingemwamini hata kidogo. Bibi akaenda kuleta chuma.

Nilipanda mimi, kwa kuwa wengine bado walikuwa wanaona afadhali nitangulie. Tukakoka moto chini, nikawa napandishiwa chuma chekundu, nachoma mzinga mmoja baada ya mwingine: mistari miwili na kitu kama mwezi uliolala. Moshi wa mbao ukatupanda puani. Mzee alikaa mbali, upande usio na nyuki, amejizungushia kilemba yamebaki macho, anatazama kila mti unavyopata mwenyewe. Mwenyekiti alimwendea akamwambia kwamba shamba la tumbaku litakwenda upande wa pili, kwenye mashamba ya zamani, kwa sababu udongo wa ng'ambo ya kijito umegundulika haufai. Haukugundulika na mtu yeyote. Mzee akamshika mkono, hakuuachia mpaka basi lilipopiga honi.

Alifariki kabla ya mvua. Nilikwenda Gongoni kwenye matanga, nikakaa mkekani na waungwana wa mjini, nikala vizuri, na muda wote nikawa natupa jicho kwenye ile nyumba ya nyuma ya duka. Wapangaji walikuwepo. Kijana alinipa mkono wa haraka haraka. Alikuwa na wageni wengi, naelewa, lakini mimi niliupima ule mkono njia nzima mpaka Ipole.

Masika yakapita. Nyasi zikapanda, zikapevuka, zikaanza kubadilika rangi. Kijana kimya. Watu wakaanza kunisalimia kwa kirefu, wanauliza habari za mjini, habari za nyumba, kama zimebaki nyumba. Wengine walisikia serikali imechukua mtaa mzima. Wengine walimwona kijana Dar es Salaam, ingawa aliyesema hivyo Dar hajawahi kufika. Mwenyekiti alianza kutazama ng'ambo ya kijito kwa namna niliyoifahamu, namna ya mtu ambaye kiuno kimepona.

Halafu asubuhi moja lori likasimama mbele ya ofisi. Kijana akashuka. Alikuwa na mapanga mapya yamefungwa kwa kamba, magunia ya mchele, mbuzi wawili na mpishi wa Gongoni na sufuria zake. Kabla ya saa sita pilau ilikuwa inanukia kijiji kizima.

Hakuna aliyekula. Watu walikaa wameizunguka sinia kama wanalinda maiti. Bibi mjane akanyoosha kidole.

"Kula wewe kwanza."

Kijana akala tonge.

"Na nyama."

Akala nyama.

"Si hiyo ya juu. Ya chini."

Akachimbua ya chini, akala, jasho linamtoka. Akanisogelea akaninong'oneza, "Kaka, kwa nini wananitazama hivi?"

"Wameanza kukupenda."

"Na wasipopenda wanafanyaje?"

"Hawakupi ruhusa ya kula."

Mwenyekiti akaonja. Tukasubiri kidogo tuone. Alipoongeza, mikono yote ikaingia. Pilau ikiwa inakwisha nilipata ujasiri nikamuuliza kijana hela imetoka wapi, ni ya kodi au ni ya mfukoni mwake, na ile nyumba ipo mkononi mwa nani. Akasema, "Ni ya mzee," basi, akaendelea kulamba vidole. Sikuuliza tena mwaka ule wala miaka iliyofuata. Wasiwasi wangu ulikuwa bado una nguvu, na ningeuliza sana ningejibiwa.

Bibi alikuwa ameshasimama. Akachagua panga moja kwenye lile fungu, akajaribu makali yake kwa kidole gumba, akamkabidhi kijana.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, bibi."

"Haya, vua viatu hivyo. Tunaanzia kijitoni."

Akavua. Tukamfuata wote, yeye mbele na bibi nyuma yake hatua moja, anamwonyesha nyasi za kukata na miti ya kuacha.